Kijiko cha Ukubwa wa Kifungo

Ilikuwa Alhamisi, saa nane na robo mchana, wiki ya kwanza ya likizo ya Juni, mwaka sabini na nne. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha karakana ya baba, Iringa, nachambua maharage huku jua limenipiga mgongoni. Mwezi ule jua la kwetu linatoa mwanga tu, joto linabaki nalo lenyewe. Niliitazama saa ya baba iliyoning'inia kwenye msumari, maana maharage yalikuwa yamechelewa kupanda jikoni, na papo hapo lori likasimama mbele yetu. Dereva alikuwa mtu wa mtaani. Tulimwita Mjomba ingawa hatuna undugu. Hakuzima injini.

"Baba Pawa," aliita kutoka dirishani, "una mjukuu."

Baba alishikilia nyundo hewani. "Si miezi bado?"

"Ndiyo hivyo. Kaharakisha. Wa kike. Mama yake mzima, ila mtoto ni mdogo, mzee. Mdogo kweli."

Dada yangu mkubwa aliolewa Mbeya, na mama alikuwa huko tangu wiki iliyotangulia. Alikwenda na unga wa ulezi na vitambaa, akijua ana muda wa kutosha wa kumngojea mjukuu, akakuta mambo yamemtangulia. Sasa alikuwa amemtuma Mjomba kwa maneno, na Mjomba aliyasema yote kwa pumzi moja kama mtoto aliyetumwa dukani akiogopa kusahau. Mtoto hana nguvu ya kuvuta titi. Nesi ameagiza maziwa yakamuliwe, anyweshwe kidogo kidogo kwa kijiko. Lakini kijiko cha chai kinaziba mdomo wote, maziwa mengi yanaishia shingoni. Wamejaribu kumdondoshea kwa pamba, anachoka na kulala kabla hajapata cha maana. Akiendelea hivyo hatafika mbali.

"Mkeo anasema umfulie kijiko. Mimi nashusha mchele Morogoro, Jumamosi alfajiri napita hapa kurudi Mbeya. Kiwe tayari."

"Mdomo wake ukoje?" baba aliuliza.

Mjomba alifikiri. Aliangalia huku na huku, macho yakatua kwangu, kwenye sweta yangu ya shule. "Kama hicho kifungo cha mtoto wako. Tena kikipita pembeni ni bahati."

Baba alinijia na mkasi wa kukatia mabati, akakata kifungo cha katikati bila kuniuliza, akakitia mfukoni. Lori likaondoka. Nilishika uwazi uliobaki kwenye sweta. Mimi si msemaji. Shuleni mwalimu akiniita jina, jibu ninalo, lakini likifika kooni linakaa. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Hakuna aliyewaza kununua kijiko. Kwetu kila mtoto anafuliwa kijiko chake cha kwanza na baba, cha kulia uji, na hakuna mwingine anayekitumia. Changu kina shingo iliyopinda kwa sababu nilikuwa nakiuma, na bado kipo kabatini. Dada alikwenda nacho chake Mbeya ndani ya sanduku la harusi, baba alipokiona kimo humo alitoka nje kuangalia kuku. Kwa hiyo kijiko kingefuliwa tu, ila tulikitegemea baadaye, wakati wa uji. Hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi kukihitaji siku ya tatu ya maisha yake.

Niseme kidogo juu ya kazi ya baba. Anafua vyombo vya alumini: vifuniko vya sufuria, masinia, na zaidi ya yote pawa, zile kubwa za kuchotea pilau na mchuzi kwenye shughuli. Mji mzima unajua pawa zake, na jina la Baba Pawa limelifuta lake la kuzaliwa. Anakata alumini duara, analiweka juu ya gogo lenye shimo, analipigia nyundo ya mbao akilizungusha mpaka limekuwa bakuli. Alumini ikipigwa sana inakuwa ngumu na kupasuka, kwa hiyo katikati ya kazi anailainisha motoni. Hapo ndipo ufundi ulipo, kwa sababu alumini haiwi nyekundu kama chuma. Inakaa vilevile nyeupe, halafu ghafla inayeyuka na kuanguka kama samli. Baba anaipaka sabuni ya mche kabla ya kuitia motoni. Sabuni ikigeuka nyeusi, anaitoa. Nimeliona hilo tangu najifunza kutembea.

"Kazi ni ileile," aliniambia mchana ule, akikunja mikono ya shati. "Tunapunguza tu."

Akapunguza kila kitu. Alikizungushia kifungo changu penseli, akaongeza mkia wa mpini, akakata. Alichagua bati jembamba la kifuniko cha kisufuria, kwa sababu kijiko kidogo kinataka bati dogo, si ndiyo? Hata mimi niliona ni sawa. Alichonga kishimo kwenye gogo, akatafuta nyundo ndogo ya kupigilia misumari ya viatu, akaifunga kitambaa. Ilikuwa inapendeza kuangalia, kama watoto wanaocheza kupika.

Pigo la kwanza, ukingo ulijikunja kama sketi yenye marinda. Kwenye upawa mikunjo hutokea pia, ila baba huilaza kwa nyundo moja baada ya mwingine. Hapa mkunjo mmoja tu ulikuwa robo ya kijiko, na nyundo haikuwa na pa kuingilia. Ulijilalia wenyewe, na palipolaliwa pakakatika. Akakata kingine. Hicho kilitoboka chini. Cha tatu kilikubali kidogo, akasema kimekuwa kigumu, tukilainishe. Akakipaka sabuni, akakishika kwa koleo, mimi nikavuta mivukuto kupuliza makaa.

Kipande kilikuwa kidogo kiasi kwamba sikuiona sabuni ikibadilika. Ilikuwa nyeupe. Kisha koleo likawa halijashika kitu.

"Kiko wapi?" baba aliuliza.

Nilimwonyesha. Kulikuwa na tone linalong'aa katikati ya makaa, dogo kama chozi.

Tukajaribu tena bila kuvuta mivukuto. Safari hii kilitoka kizima, lakini katika umbali wa kutoka motoni mpaka kwenye gogo, ambao kwa upawa si umbali, kilikuwa kimeshapoa kama kilichookotwa barabarani. Baba alikigusa kwa kidole na kucheka bila furaha. Alipokipiga, kikakubali kuwa kibakuli, tukatazamana. Ila juu yake palikuwa na vipele. Ngozi yake ilikuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa manyoya. Baba alikipitisha kwenye mdomo wake wa chini, akatikisa kichwa.

"Hiki kitamchuna."

Alijaribu kukisugua kwa msasa, kikaisha. Bati lilikuwa jembamba, vipele vilipotoka na kijiko kilitoka navyo.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kihehe anayeuza vitunguu, alipita na ungo wake akaona vile vipande vilivyotapakaa.

"Kamwene, Baba Pawa. Unamfulia panya hereni?"

"Namfulia mjukuu kijiko."

Yule mama alishusha ungo. Hakutania tena. Aliuliza mtoto ana uzito gani, baba akasema hajui, ila mdomo wake ni huu, akamwonyesha kifungo. Yule mama alikishika kwa muda, akakirudisha taratibu kama kingeweza kuvunjika. Alituachia vitunguu vya mboga akaenda zake.

Adhana ya magharibi ilitukuta tumebakiwa na kipande kimoja cha kifuniko. Baba aliosha mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Wakati tunakula maharage, ambayo hayakuiva vizuri, aliniambia, "Miaka yote hii nimejua kufua kikubwa, nikadhani nimejua kufua." Nikamwongezea mchuzi.

Ijumaa asubuhi alikuwa kazini kabla yangu. Nilimpelekea chai, nikamkuta ameshika kile chenye vipele na kukigeuzageuza juani.

"Njoo uone, mama." Akiwa na huzuni huniita mama. "Hivi vipele unajua ni nini? Madini yoyote yana punje ndani. Unakumbuka mguu wa jiko uliovunjika?"

Nilikumbuka. Pale palipovunjika chuma kilimeremeta kama sukari iliyogandamana.

"Basi ndiyo hizo. Moto mkali unazivimbisha, moja inakula nyingine. Lakini kwenye upawa zipo vilevile, mbona hazinisumbui?"

Alikuwa anajiuliza mwenyewe, hakuwa ananiuliza mimi. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe, na jibu lilikuwa limeshafika kooni na kukaa pale kama kawaida yake. Nililiwaza kwa namna ya jikoni, maana ndiko ninakokaa zaidi. Ukipika ugali wa dona kwa watu kumi, chenga za unga huzioni, zinapotelea kwenye tonge. Lakini mmegee mtoto tonge la kwanza, dogo kama punje ya mahindi. Chenga moja tu, tonge zima limekuwa chenga.

"Baba," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Punje hazijui kwamba kijiko ni kidogo."

Aligeuka. "Sema tena."

"Sisi tumepunguza kijiko. Punje hatukuzipunguza. Kwenye upawa ziko nyingi, zinasaidiana. Hapa kwenye bati jembamba labda ziko mbili tatu tu, kila moja inakwenda inakotaka." Nilihisi uso wangu ukiwaka. "Kama chenga kwenye tonge la mtoto."

Baba alikitazama tena kile chenye vipele, akakipitisha kidoleni. Kisha akanipokonya kikombe, akanywa chai yote, akakiweka chini.

"Kwa hiyo tusiende kwenye bati jembamba."

"Sijui, baba."

"Unajua. Umeshasema, usirudi nyuma. Leta ile sufuria iliyotoboka."

Tuliikata sehemu ya chini ya sufuria, ambako alumini ni nene. Kwa kijiko kidogo vile ilionekana ni kichekesho, kama kumshonea mtoto nguo kwa turubai. Kuhusu moto tulibishana kidogo, yaani baba alibishana na mimi nikatikisa kichwa. Alitaka makaa machache. Mimi nilikuwa nimeona jinsi kipande kile kinavyopata moto mara moja na kuupoteza mara moja, kwamba hakina mwili wa kuutunza. Nilikwenda jikoni nikarudi na kikaango cha chapati cha mama, kile kizito cha chuma, ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa kwa kitu chochote zaidi ya chapati.

Baba alikitazama kikaango, akanitazama mimi.

"Mama yako akijua, atanirudisha kwetu pwani kwa miguu."

"Tutakisugua."

"Wewe ndiye utakayekisugua. Mimi sikuwapo."

Tulikiweka kikaango juu ya makaa, tukakifukia kipande katikati yake kwa majivu, tukaacha upande wake mmoja wenye sabuni ukichungulia. Kikaango kilipata joto polepole na kipande kikafuata polepole, kwa sababu hakikuwa na njia nyingine. Tuliona sabuni ikiwa ya manjano, kisha kahawia kama chai ya rangi, kisha nyeusi. Baba alipumua. Hatukukipeleka popote. Tulikiacha kipoe humohumo, kwenye majivu, kikalainika bila haraka.

Wakati wa sala ya Ijumaa ulipofika, baba akaenda msikitini. Aliporudi alikuwa bado na kanzu yake na makubadhi yake ya ngozi, yale mazuri aliyoletewa kutoka kwao, anayoyavaa siku hiyo tu. Mkononi alikuwa na gololi ya chuma ya ukubwa wa kunde kubwa. Alikuwa amepitia gereji ya malori, wakamtolea kwenye beringi iliyokufa.

"Nyundo inapiga mahali, inaacha mahali," alisema. "Kwenye upawa kuna nafasi ya kusahihisha. Hapa hakuna. Tutasukuma."

Lakini tusukumie wapi? Shimo la kwenye gogo lilikuwa limeonyesha aibu yake jana: mistari ya mbao ilikuwa imejichora kwenye kila kijiko, kama alama za mkeka kwenye shavu la aliyelala. Kwenye upawa mistari hiyo ingekuwa unywele. Hapa ilikuwa mitaro. Tukazunguka karakana nzima tukitafuta kitu kigumu lakini kisicho na mistari, kinachobonyea lakini kinarudi. Baba akasimama. Akaangalia miguu yake.

"Aa," alisema.

Akavua kubadhi la kulia, akaligeuza, akaliweka juu ya gogo na kisigino chake kinene cha ngozi juu. Sikuweza kucheka kwa sababu niliona anavyolipapasa kwanza.

Mafuta nayo yakatugeuka. Siku zote baba anapaka mafuta ya kupikia ili nyundo isikwaruze. Kwenye upawa yanatulia, yana uwanja. Hapa gololi ilipobonyeza tu, mafuta yote yalikimbilia ukingoni na kudondoka kwenye kubadhi, alumini ikabaki kavu na gololi ikaikwaruza. Baba aliguna, akasema kwenye kiwanja kidogo hivi hakuna pa kujificha. Nilikimbia kwa yule mama wa vitunguu kuomba nta ya nyuki, maana ndugu zake wanarina asali. Nilimwomba kwa mdomo wangu mwenyewe, mlangoni kwake, na kulikuwa na wageni wawili. Alinipa kipande cha kuzidi. Nta haikukimbia. Ilikaa pale ilipopakwa.

Baba aliweka kiganja juu ya kibao alichokichonga kuishikilia gololi, akaegemea kwa uzito wake wote, akazungusha. Akaegemea, akazungusha. Alikuwa amevaa kanzu, mguu mmoja una kubadhi na mwingine uko wazi kwenye baridi ya Juni, na amefumba macho, kwa sababu alisema vidole vinaona vizuri zaidi. Kila alipohisi kimekuwa kigumu, tulirudi kwenye kikaango na majivu na sabuni, tukangoja. Sijawahi kumwona baba akingoja hivyo. Ni mtu wa haraka.

Jua lilipofika kwenye paa la jirani alifumbua macho na kuniwekea kitu kiganjani. Kilikuwa kibakuli kamili, laini ndani na nje, chenye ukingo mnene kidogo wa mviringo usiokata. Aliulainisha mpini kwa tupa, akaukunja kidogo shingoni. Kwa desturi hutoboa tundu mwishoni mwa mpini ili kijiko kitundikwe. Msumari wake wa kutobolea ungeukata mpini wote, kwa hiyo akaazima sindano yangu ya kushonea magunia, akaitumia hiyo.

"Kiweke mdomoni," aliniambia.

Nilikiweka. Sikuhisi kitu.

"Basi," alisema baba. "Ndivyo kinavyotakiwa."

Tulipoliweka kubadhi chini, kisigino kilikuwa na kishimo kizuri cha duara. Baba alilivaa, akatembea hatua chache. "Linanifinya kisigino," alisema. "Nitazoea."

Jumamosi alfajiri Mjomba alikuja, na baba akamwambia kijiko kitakwenda na mimi. Sikutegemea. Nilidhani ataenda yeye. Alisema ana kazi ya watu ya kumaliza, jambo lililokuwa kweli, lakini tulipokuwa peke yetu aliniambia, "Nikimwona akiwa hivyo nitatetemeka, na mama yako anahitaji mtu asiyetetemeka. Wewe unaogopa watu wakubwa tu. Watoto huwaogopi."

Mjomba alijaribu kuongea nami mpaka karibu na Mafinga, akachoka. "Wewe mtoto umemeza kufuli?" aliuliza. Nikacheka, nikatikisa kichwa. Kijiko kilikuwa ndani ya kitambaa, ndani ya kopo la kahawa, juu ya mapaja yangu, na mikono yangu yote miwili juu ya kopo. Nyololo alisimama tukanunua viazi vya kuchoma, nikavila kwa mkono mmoja. Upepo uliingia pale sweta ilipokosa kifungo. Mjomba aliona, akapandisha kioo, akaanza kuimba peke yake, na hakunisumbua tena mpaka tulipouona mlima wa Mbeya na jua likiwa linaelekea nyuma yake.

Nyumbani kwa shemeji kulikuwa na moto wa mkaa ndani na madirisha yamezibwa kwa blanketi. Mama alinikumbatia huku akinyoosha mkono kupokea kopo. Dada alikuwa amekaa kitandani, macho yamemvimba. Mtoto alikuwa kwenye kikapu kilichojazwa pamba, na pembeni chupa za maji ya moto zilizofungwa vitambaa. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu cha kusikitisha. Niliona mtu mdogo mwenye kucha, amekunja uso kama baba anapotafuta tupa yake.

Mama alikamua maziwa ya dada kwenye kikombe, akachota kwa kijiko, akakipitisha pembeni ya mdomo. Kiliingia. Tuliona wote kimeingia, bila kuuziba. Halafu mtoto akashtuka mwili mzima, akageuza kichwa, maziwa yakamwagika shingoni.

Mama alijaribu tena. Ilikuwa vilevile. Dada alifunika uso kwa kanga.

"Hakitaki," alisema. "Hata hiki hakitaki."

Mama aliyaonja maziwa ya kwenye kikombe. Yalikuwa na joto zuri. Alirudia mara ya tatu, na mtoto akashtuka kabla hata maziwa hayajamgusa ulimi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sweta yangu. Nilikiangalia kijiko kwenye vidole vya mama, nikakumbuka kile kipande kilichopoa kati ya moto na gogo, na baba akikigusa kwa kidole na kucheka bila furaha.

"Mama," nilisema. "Ni cha baridi."

"Maziwa ni ya moto, nimeyaonja."

"Kwenye kikombe. Kikifika mdomoni kimeshayapoza. Kijiko kikubwa kinatunza joto, hiki hakiwezi. Ni kidogo mno, na hii ni alumini." Wote walikuwa wananitazama, hata shemeji aliyekuwa amesimama koridoni. "Nipe."

Mama alinipa. Nilikitia kwenye bakuli la maji ya moto, nikakitoa nikakijaribu kwenye mdomo wangu wa chini kama baba alivyofanya, nikakifuta. Nilichota maziwa nusu yake tu, nikapiga magoti kando ya kikapu. Niliegemeza ukingo kwenye mdomo, nikangoja. Nilijisikia ninangoja kama kwenye majivu ya kikaango. Koo lake dogo likapanda, likashuka. Nikarudisha kijiko kwenye maji ya moto, nikakitoa, nikachota. Likapanda, likashuka.

Dada aliondoa kanga usoni. Tukaendelea hivyo mpaka kikombe kilipoonyesha sakafu yake, na shingo ya mtoto ilikuwa kavu. Mama akaweka kikombe chini.

"Sasa niambie," alisema, akipangusa macho kwa ukingo wa kanga na kujifanya ni moshi, "baba yako alikipashia wapi moto kitu kidogo hivi?"

Nilisema sijui, na dada akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu nifike.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya wote. Nilipuliza mkaa ukashika, nikabandika maji, nikamsaidia dada kukamua maziwa akiwa bado nusu yuko usingizini. Kijiko kilipopata joto nilimnywesha mtoto, na safari hii alifungua mdomo mwenyewe kilipomgusa. Nilimweleza kwa sauti, sauti yangu ya kawaida, kwamba babu yake anatembea Iringa na kishimo kwenye kisigino. Alipolala nilikiosha kijiko, nikapitisha uzi kwenye lile tundu la sindano, nikakivaa shingoni ndani ya sweta, pale penye kifungo kilichokatwa, kikae na joto langu mpaka atakapoamka tena.